Ndege Aliyekaa Upande wa Kulia

Sop Sop, Tororo
25 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Daphine, Busia upande wa Kenya,

Mimi Okanya nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote wanne, na daktari aliyeniambia sitafika sitini. Nimepita mwaka wa ndui na mwaka wa nzige, na ile miaka wezi wa ng'ombe waliacha zizi langu na harufu tu. Serikali zilizopita sihesabu tena. Magoti iko sawa, tumbo iko sawa. Wewe je? Kikohozi cha mama yako Anjeline kimeisha, ama bado anakaa sokoni na nguo za mitumba huku anakohoa? Mwambie achemshe tangawizi, aache dawa ya rangi rangi.

Sasa sikia. Rasto wa pikipiki ameleta karatasi yako ya ndege wa Pasaka. Nimempa Acom jirani yangu asome, maana yeye anapenda kusoma na mimi nilikuwa na kazi shambani. Amesoma ndege arobaini na mbili. Alipofika kwa ndege wangu, wa mwisho kabisa, akasema, "Mzee, hapa mbele ya huyu kuna kitu kama ndoano ya samaki."

Ndoano ile ni ya nini, Daphine?

Siku tatu pale Majanji mvua haikupumzika. Likizo gani ile, watu wamelipa chumba kando ya ziwa na ziwa lenyewe hawalioni. Baba yako Ronald alicheza karata mpaka karata zikalowa. Wewe ulipangusa darubini na shati kila dakika. Mimi kukaa siwezi, unanijua, nilizunguka ile veranda mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimepoteza kitu. Lakini Jumapili asubuhi nani alikwambia ndege wa mafunjo yuko hapa? Ni mimi. Nilisema nimemwona. Wewe ukakimbia na darubini, ukarudi umelowa, ukaandika ndoano.

Mimi nilikuwa najua ndege kabla mama yako hajajua kutembea. Toa ndoano ile.

Babu yako,
Okanya

*

Busia, Kenya
5 Mei 2025

Babu mpendwa,

Natumai magoti na tumbo bado vinakutii. Sisi hapa tuko salama. Mama amepona, na alichemsha tangawizi, ingawa anasema hakufanya hivyo kwa sababu yako.

Pole kwa ile alama ya kuuliza. Nimeiondoa. Nimemwandika ndege wako kwa kalamu ya wino, nikaandika na tarehe.

Nikueleze kwa nini nilisita. Hapa Busia kuna kikundi cha waongozaji wa watalii wa ndege. Tuko wanafunzi tisa na nafasi za kazi ni mbili. Kila mmoja alitakiwa kuleta orodha ya siku tatu kutoka sehemu moja, na orodha hiyo ndiyo mtihani wetu. Wenzangu walikwenda mahali pakavu. Mimi nilikuwa na Majanji na mvua. Lakini ndege wako, ambaye kitabuni anaitwa tiva wa mafunjo, hajaandikwa na mtu yeyote ufuo ule kwa miaka mingi. Huyo mmoja anaweza kunipa kazi, Babu. Nikikosa, Mama ameshanitengea meza ya mitumba karibu na yake.

Mwalimu wetu, Bwana Mukhwana, anataka maelezo. Ulimwona saa ngapi? Alikaa wapi? Alikuwa na rangi gani?

Halafu, mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi? Mstari mmoja una maneno matatu.

Mjukuu wako,
Daphine

*

Sop Sop
13 Mei 2025

Daphine, ile tunaita mke wangu mdogo,

Hapa kwetu hakuna mgonjwa, ila jogoo wa Acom ameumwa na siafu. Karanga zimeota vizuri. Nawasalimu wote, hata Ronald.

Mtu mkubwa anaandika herufi kubwa. Jibu ni hilo.

Sasa mwambie Mukhwana wako aandike. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukisimama kwenye veranda unatazama ziwa, upande wa kulia kuna mafunjo marefu, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Alikaa juu ya funjo la tatu kutoka majini, na ile kichwa ya mafunjo ilikuwa inapinda kwa uzito wake. Kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Kofia ya njano. Mgongo mweusi, na bawani mstari mweupe. Akanitazama na mimi nikamtazama.

Mwambie tena kwamba mwaka wa 1968 nilimnasa ndege huyo mahali pale pale kwa ulimbo. Nilichemsha utomvu mimi mwenyewe, nikapaka kijiti, nikangoja siku mbili. Mwalimu mmoja mzungu alitaka kumnunua nikakataa, nikamwachia aruke. Nani mwingine Tororo nzima anaweza kusema hivyo? Hayupo.

Ukipata kazi hiyo usisahau nani amekupa.

Babu yako,
Okanya

*

Busia
2 Juni 2025

Babu,

Natumai u mzima. Mimi si mgonjwa, lakini sijalala vizuri tangu juzi.

Jumamosi Bwana Mukhwana alinipeleka Majanji, mimi na yeye tu. Nilisimama kwenye veranda, nikatazama ziwa, nikageuka kulia kama ulivyosema. Babu, upande wa kulia, ambao siku za Pasaka mvua iliuficha, hakuna mafunjo. Hakuna hata moja. Kuna ukuta wa mawe, halafu kichanja kirefu cha kukaushia omena. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza omena kama mafunjo yamekatwa mwezi huu. Akacheka, akasema, "Binti, hapa tuliyang'oa mwanangu akiwa tumboni, na sasa yuko darasa la kwanza."

Bwana Mukhwana hakucheka. Afadhali angecheka. Alifunga daftari lake akaniuliza, "Daphine, huyu ndege nani alimwona?"

Nikasema mimi na babu yangu.

Ndivyo nilivyoandika. Niliandika "tulimwona". Wewe ulisema umemwona, na tangu nizaliwe sijakukuta umekosea juu ya ndege, kwa hiyo nilijiongeza, nikaona haina madhara. Sasa ameniambia ndege mmoja wa uongo anafuta orodha nzima. Nina mpaka tarehe 28 mwezi huu. Ama nilete mtu aliyemwona aeleze, ama nisimame mbele ya wenzangu wanane niseme nilidanganya.

Sikuulizi kwa hasira. Ulimwona au hukumwona?

Daphine

*

Busia
14 Juni 2025

Babu,

Salamu kutoka kwetu sote.

Rasto anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaitia kwenye mfuko wa koti, ukaendelea kutembea kwenda shambani kana kwamba amekupa risiti ya soko. Amepita kwako mara tatu tangu siku hiyo. Kila mara unamwambia hujamaliza kufikiri.

Sitakuuliza tena. Tarehe 28 nitakwenda kusema nilidanganya, na Jumatatu yake nitaanza kuuza nguo na Mama. Si kazi mbaya. Amenilea kwa kazi hiyo.

Mama anasema ukali wako umezidi tangu Pasaka. Mimi nimemjibu kwamba hukunifanyia ukali. Umenyamaza tu.

Daphine

*

Sop Sop
19 Juni 2025

Daphine, mjukuu wangu,

Nakusalimu. Leo sisemi mambo ya magoti.

Barua yako ya tarehe mbili Acom alisoma mpaka mwisho. Nikamwambia soma tena. Akasema, "Mzee, mara ya pili haitabadilika." Basi nimetembea siku kumi na saba. Nimekwenda Nabuyoga bila shughuli nikarudi. Nimepalilia karanga ambazo zimeshapaliliwa, nikang'oa na karanga zenyewe. Usiku nasimama, nakaa, nasimama.

Sikumwona.

Mimi sioni, Daphine. Jicho la kushoto limekwenda mwaka juzi wakati wa mavuno ya ulezi. La kulia linaona mwanga na kivuli, kama mtu ameweka maziwa kwenye kioo. Nakuandikia hivi nimelaza kijiti cha mwanzi kwenye karatasi, kalamu inatembea juu yake isipotee, ndiyo maana herufi ni kubwa. Anayejua ni Acom peke yake, na yeye nilimwapisha.

Sababu ni hii. Siku tulipomzika bibi yako, mama yako alisema mbele ya watu, "Baba, siku macho au miguu ikikataa, unakuja kukaa kwangu Busia." Mama yako akisema kitu anafanya. Ile chumba yake inatazama barabara ya malori. Nililala pale siku nne nikahesabu malori mpaka nikachukia namba. Mimi ni mtu wa kutembea. Hapa Sop Sop kila jiwe linajua mguu wangu. Kule nitakaa kwenye kiti, watu watakuwa wananisogezea chai.

Pale Majanji nyinyi wote mlilaumu mvua. Baba yako akasema, "Hata ziwa halionekani." Mimi nilifurahi moyoni. Siku tatu hakuna aliyeona kitu, kwa hiyo nilikuwa sawa na nyinyi. Kusema ukweli nilikuwa mbele. Nilikuwa nimehesabu hatua kutoka kitandani mpaka veranda, kumi na nne, na veranda yenyewe nilizunguka ili niijue. Mlidhani sina utulivu. Utulivu sikuwa nao, hiyo ni kweli, lakini nilikuwa pia nasoma nyumba kwa miguu.

Sasa ndege. Nilipokuwa mdogo baba yangu aliniweka juu ya kichanja kuwinga ndege kwenye ulezi. Ukigeuza kichwa kutafuta ndege kwa macho, ameshakula na kuondoka. Unatupa jiwe kwenye sauti. Baba alisimama nyuma yangu na fimbo, nikigeuka ananichapa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ndege wote ninaowajua, kwa mgongo na sikio.

Jumapili ile alfajiri nilikwenda choo cha nje, nimeshika kamba ya kuanikia nguo. Nyuma ya choo, mkono wa kushoto, maji yamesimama, na mvua ikipiga pale inalia kama inapiga majani magumu, haipigi nyasi. Mvua ikapungua kidogo. Nikasikia mmoja anasema yoo-yong, sauti nene, imetoka chini. Papo hapo mwenzake akakata, chek. Wako wawili na mtu mjinga anasikia mmoja. Sauti hiyo ndege mwingine hana. Nilisimama pale nimelowa, nikasahau kilichonipeleka.

Wewe ukaniuliza, "Umemwona wapi?" Ningesema nimesikia, mngeuliza kwa nini sikutazama. Nikasema nimemwona. Halafu ukaniandikia barua, alikaa wapi, alikuwa na rangi gani. Aliyeona lazima ajue alikaa wapi. Nikakupa mahali pa mwaka wa 1968. Mafunjo yale bado yamesimama kichwani mwangu. Kumbe yamekuwa omena, na hakuna aliyenipa habari.

Msomee Mukhwana barua hii. Mwambie uongo wa kuona ni wangu, wewe ulinifuata tu kama mtoto anavyomfuata mtu mzima. Na kama kusikia hakuna maana kwenye kazi yenu, basi nifute, lakini anayefutwa awe mimi, si wewe.

Babu yako,
Okanya

*

Busia
24 Juni 2025

Babu,

Natumai barua hii inakukuta umekaa, hata kama ni kwa muda mfupi.

Kwenye orodha zetu kuna safu mbili. Moja ni ya walioonwa, nyingine ni ya waliosikika. Ndege wa mafunjo karibu wote wanaandikwa kwenye safu ya pili, kwa sababu hata wenye macho mazuri hawawaoni mle ndani. Siku ile ungesema "nimesikia", ningeandika bila ndoano.

Nilimsomea Bwana Mukhwana barua yako. Aliniambia nirudie pale kwenye mvua na majani magumu. Kisha akasema, "Neno 'tulimwona' ni lako, Daphine, na hilo nitalishughulikia na wewe. Lakini mzee huyu nataka kumsikia mwenyewe. Mlete Majanji tarehe 28, na wenzako wawepo."

Tatizo ni gari. Pikipiki ya Rasto itakufikisha Tororo mjini tu. Kutoka pale ni gari la Baba, na Mama amesema lazima aje kwa sababu hajakuona tangu Pasaka. Sijamwambia kitu. Lakini atakuona ukishuka kwenye pikipiki na ukitafuta mlango wa gari, na mama yangu si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Rasto atapita kwako usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa. Ukimwambia hapana, arudi peke yake. Nitasema mbele ya wenzangu kile ninachotakiwa kusema, na habari ya macho yako haitatoka kwangu. Sitakuhesabia deni.

Mjukuu wako,
Daphine

*

Sop Sop
4 Julai 2025

Kwa Daphine, na kwa yeyote katika kikundi cha ndege atakayesoma,

Nawasalimu nyote. Mvua ya Jumamosi ilinipa mafua, yamekwisha.

Rasto ameniletea nakala ya ripoti yako na Acom ameisoma. Ni nzuri, ila ina kosa. Umeandika babu alitambua ndege kumi na moja kwa sikio. Ni kumi na tatu. Umesahau dudumizi aliyelia mbali upande wa kijiji, na umesahau mdiria mdogo aliyepita juu ya maji. Najua kwa nini umemsahau mdiria. Alipita wakati mama yako ananisemesha.

Na hayo pia yaandikwe, maana yalitokea. Pale Tororo nilinyoosha mkono kushika mlango wa gari, nikashika hewa. Anjeline aliona. Njia nzima aliongea Ronald peke yake, habari ya bei ya mafuta. Tulipofika Majanji, tukiwa tumesimama nyuma ya choo na Mukhwana ametuambia tunyamaze, ndipo akaninong'oneza, "Baba, tangu lini?"

Nikasema, "Mavuno ya ulezi."

"Ya mwaka jana?"

"Ya mwaka juzi."

"Na mimi nimekuja kwako mara ngapi tangu hapo?"

Mdiria akapita. Mukhwana akasema, "Tafadhali, mama, ndege." Na mama yako, ambaye hajaambiwa anyamaze na mtu tangu aolewe, akanyamaza.

Tulingoja sana. Kusimama ni kazi ngumu kuliko kulima. Miguu yangu ilitaka kwenda, mara nilihamisha uzito huku, mara huku, na nilisikia wanafunzi wale wanane wanahema kama mbuzi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee ameota tu. Nilimsikia. Halafu manyunyu yakaanza, na kule chini ndani ya mafunjo, yoo-yong, chek.

Mukhwana akasema, "Huyo. Mmoja."

Nikamwambia, "Wawili. Wa pili yuko mkono wako wa kushoto, karibu na wewe zaidi." Akanyoosha ile mashine yake ya kunasa sauti upande huo, akavaa vitu vya masikioni, tukangoja tena. Alivivua. Halafu akasema, "Wawili." Nimesikia watu wengi wakikubali kushindwa, na huyu alikubali vizuri.

Kuhusu kazi yako. Alikufanya ukate neno "tulimwona" mbele ya wenzako, ukaandika "walisikika", ukatia sahihi pembeni, na nafasi yako imesogezwa mpaka Septemba wakati mwenzako aliyepata ile nyingine anaanza sasa. Nimesikia ulivyovuta pumzi. Ni haki, Daphine, na mimi sitamtetea mtu dhidi ya haki. Lakini neno lile lilitoka kwangu na wewe ndiye uliyelibeba. Hiyo miezi miwili ni yangu. Kila Jumamosi nitakufundisha sauti kumi, mpaka uzijue bila kugeuza kichwa. Fimbo sitashika.

Kuhusu mimi. Nitakuja Busia nikimaliza kung'oa karanga. Si kabla. Nilimwambia mama yako chumba ya malori sitaki, anipe ya nyuma. Akasema nyuma kuna bwawa la maji machafu, hata wapangaji wanakataa kulala pale. Nikamuuliza kama kuna vyura. Akasema vyura wengi, usiku hawalali watu. Nikamwambia hiyo ndiyo chumba yangu, kwa sababu penye vyura ndege wanakuja. Na kamba ya nguo aifunge kutoka mlangoni mpaka kwenye geti, nitembee. Amekubali kamba. Kuhusu geti bado tunagombana.

Yote niliyoandika ni kweli safari hii. Asiyeamini amuulize Acom wa Sop Sop, anayenisomea na aliyejua kabla ya wote. Amuulize Rasto, aliyenibeba gizani na kabla ya usiku ule hakuwahi kuniona nimeshika kiuno cha mtu. Amuulize Mukhwana, aliyeandika wawili kwa mkono wake. Na amuulize binti yangu Anjeline, aliyenishika mkono kutoka nyuma ya choo mpaka kwenye gari, na mimi nikamwacha anishike.

Babu yako,
Okanya